Ota Benga, Mtu wa Msitu

1. Watu wa msitu

Kaskazini ya Beni, mbele ya Oicha na Eringeti, unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Msitu huo unaenea siku nyingi za safari, hadi Mambasa na Epulu na mbele zaidi. Miti yake ni mirefu hata mwanga wa jua haufiki chini vema. Ndani yake wanakaa Wambuti, watu wafupi wa kimo, wenye mwendo mwepesi na macho makali. Wanajua nyayo za kila mnyama. Wanajua mti gani una asali na jani gani ni dawa. Wanawinda kwa nyavu, na kwa pinde na mishale. Tangu zamani wamepeleka nyama na asali kwa majirani zao wakulima, nao wakapewa ndizi, chumvi na vyuma vya mishale.

Majirani hao walikula nyama ya Wambuti na asali yao, lakini mara nyingi hawakuwaheshimu. Wengine walizoea kusema Mmbuti fulani ni wangu, kama mtu asemavyo habari ya mbuzi wake. Wengine waliwacheka sokoni kwa sababu ya kimo chao na mavazi yao. Watoto waliwasikia wakubwa wakicheka, nao wakajifunza kucheka.

Watu wa namna hii wanakaa pia katika misitu mingine ya Kongo, na huko wanaitwa Watwa. Wageni wamezoea kuwaita wote mbilikimo. Mmoja wao alichukuliwa mbali sana na nchi yake, akavuka bahari, akawekwa mbele ya watu kama kitu cha kutazamwa. Jina lake Ota Benga. Habari zake zinajulikana leo katika nchi nyingi, maana zinaonyesha wazi dharau inaweza kumfikisha mtu wapi, na jinsi watu wachache wenye moyo wanavyoweza kuipinga.

2. Nchi ya mpira

Ota Benga alizaliwa karibu na mwaka 1883, mbali na Beni, upande wa mto Kasai. Alipokuwa mtoto mdogo, nchi yote ya Kongo iliwekwa chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji, bali ilikuwa kama shamba la mfalme mwenyewe.

Mfalme alitaka pembe za ndovu, na zaidi ya hizo alitaka mpira. Katika miaka ile watu wa Ulaya na Marekani walianza kutumia mpira kwa magurudumu ya baiskeli na ya motokaa, na bei yake ikapanda sana. Basi watu wa Kongo walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwitu. Kijiji kisicholeta kipimo kilichoagizwa kiliadhibiwa. Jeshi la serikali, lililoitwa Force Publique, lilichoma nyumba, likawashika wanawake, likawapiga watu viboko, likawaua wengi. Maofisa wa jeshi hilo walikuwa Wazungu, na askari wake walikuwa Waafrika.

Inasimuliwa kwamba siku moja Ota Benga alikwenda kuwinda. Aliporudi alikuta kambi yake imeharibiwa, mke wake na watoto wake wawili wameuawa. Yeye mwenyewe alishikwa, akauzwa mtumwa.

Mwaka 1904 alifika huko Mmarekani mmoja, Samuel Verner. Zamani alikuwa mmisionari wa Kiprotestanti, lakini safari hii alitumwa kazi nyingine. Aliagizwa kutafuta mbilikimo na kuwaleta Marekani ili waonyeshwe kwa watu. Verner alisema alimkuta Ota Benga mikononi mwa wauza watumwa, akamnunua kwa chumvi kidogo na kitambaa. Wazee wa zamani wa Beni na Butembo waliijua vema thamani ya chumvi, kwa kuwa ililetwa kwa taabu kutoka ziwa la Katwe, ng'ambo ya mpaka, katika Uganda. Lakini hata chumvi ikiwa adimu namna gani, haiwezi kuwa bei ya mtu.

Verner alisimulia habari hizi mara nyingi, na kila mara alizibadili kidogo. Ota Benga mwenyewe hakuandika kitabu. Sehemu kubwa ya habari zake iliandikwa na wale waliomchukua na wale waliomtazama. Kwa hiyo wenye elimu wa siku hizi huzisoma kwa uangalifu.

3. Maonyesho ya St. Louis

Verner alisafiri na Ota Benga pamoja na vijana wengine wachache wa Kongo. Walishuka mto, wakapanda meli, wakavuka bahari. Mwishoni mwa Juni 1904 Ota Benga na wenzake wa Kongo walifika mji wa St. Louis, katikati ya nchi ya Marekani. Huko yalikuwa maonyesho makubwa sana. Mataifa mengi yalionyesha mashine zao, mazao yao na kazi za mikono yao. Mamilioni ya watu walikuja kutazama.

Lakini katika maonyesho hayo vitu havikuonyeshwa peke yake. Watu pia walionyeshwa. Waliletwa watu kutoka Filipino, kutoka Japani ya kaskazini, kutoka ncha ya kusini ya Amerika, na kutoka makabila ya Wahindi Wekundu. Kati yao alikuwako Geronimo, mkuu wa vita wa kabila la Waapache, ambaye wakati ule alikuwa mfungwa wa serikali ya Marekani. Wenye elimu wa siku zile waliwapima watu hao vichwa na mikono. Walitaka kuwapanga wanadamu katika ngazi, Wazungu wakiwa juu na wengine chini. Wala hawakuanza kwa kuuliza kama ngazi hiyo ipo. Walikwisha kuamini kwamba ipo, kisha wakatafuta vipimo vya kuithibitisha. Elimu ya namna hiyo si elimu ya kweli, kwa sababu jibu limewekwa kabla ya swali.

Ota Benga alikuwa na meno yaliyochongwa. Kati ya watu wake ulikuwa urembo, kama vile katika makabila mengine watu walivyochanjwa chale usoni. Lakini watazamaji waliambiwa kwamba ni meno ya mla watu. Wakataka kuyaona. Ota Benga alitambua upesi kwamba uso wake umekuwa biashara ya watu, akaanza kuwatoza senti 5 kila mara alipofungua kinywa. Hapo inaonekana kwamba hakuwa mjinga hata kidogo.

Majira ya baridi yalipokaribia, watu wa Kongo waliteswa na baridi. Makundi ya watazamaji yaliwasukuma na kuwavuta. Maonyesho yalifungwa tarehe 1 Desemba 1904, na mwaka uliofuata Verner akawarudisha Kongo. Lakini Ota Benga hakuwa tena na jamaa wala kambi. Alikaa kwa muda kati ya Watwa. Inasemwa kwamba alioa tena, na mke huyo wa pili akafa kwa kuumwa na nyoka. Verner alipofunga safari ya kurudi Marekani, Ota Benga alikwenda pamoja naye.

4. Wengine kutoka Ituri

Ota Benga hakuwa peke yake katika mashaka ya namna hiyo. Mwaka 1905, Mwingereza mmoja tajiri, James Harrison, alifika katika msitu wa Ituri, akachukua Wambuti sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Mkubwa wao aliitwa Bokane. Aliwapeleka Uingereza, akawaonyesha katika jumba la michezo la London, kisha katika miji mingi ya nchi ile. Watu zaidi ya milioni moja walilipa fedha kuwatazama. Walipelekwa hata katika jumba la bunge na katika nyumba ya mfalme. Sauti zao zilitiwa katika sahani za santuri. Mwishoni mwa mwaka 1907 walirudishwa kwao.

Waliowatazama hawakuwa wote watu wabaya. Wengi walikuwa baba na mama waliokuja na watoto wao siku ya mapumziko. Hawakupiga mtu wala hawakuua mtu. Walilipa, wakatazama, wakacheka, wakarudi nyumbani kula. Hilo ndilo jambo la kufikiriwa sana. Dharau haihitaji watu wakali tu. Hupata nguvu hasa kwa watu wapole ambao hawaulizi kitu.

5. Nyumba ya nyani

Mwezi wa Agosti 1906 Verner na Ota Benga walifika New York, mji mkubwa kuliko yote ya Marekani. Verner alikuwa amekwisha fedha. Kwanza alimwacha Ota Benga katika nyumba ya makumbusho. Baadaye akampeleka katika bustani ya wanyama iliyo katika mtaa wa Bronx. Mkuu wa bustani hiyo aliitwa William Hornaday. Alikuwa mtu mwenye sifa nyingi. Alijitahidi sana kuwaokoa nyati wa Marekani wasije wakaisha. Aliwahurumia wanyama, lakini hakumwona Ota Benga kuwa ndugu.

Siku za kwanza Ota Benga alitembea katika bustani akiwasaidia watunza wanyama. Baadaye kidogo waliambiwa wamfungie kitanda cha kamba katika tundu moja la nyumba ya nyani. Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1906, watu waliokuja kuwatazama nyani walimkuta mtu nyuma ya vyuma. Pamoja naye aliwekwa nyani mkubwa wa Asia aitwaye orangutani. Kibao kilichowekwa pale kilionyesha jina la Ota Benga, umri wake miaka 23, kimo chake karibu sentimeta 150, na uzito wake karibu kilo 47. Kilisema pia kwamba ataonyeshwa kila siku mchana katika mwezi wa Septemba. Kibao cha namna ile kilikuwa desturi kwa wanyama wa bustani.

Habari zikaenea mjini. Magazeti yakaandika. Watu wakaja kwa maelfu, wakacheka, wakapiga kelele. Ota Benga alikaa kwenye kigoda, akifuma mkeka au akipiga mishale yake, na pengine alikaa kimya akiwatazama wale waliomtazama. Hakujua Kiingereza vema, lakini mtu hahitaji kujua lugha ili kutambua kwamba anachekwa.

Gazeti moja kubwa la mji liliandika kwamba hakuna sababu ya kumsikitikia, kwa kuwa watu kama yeye hawaoni aibu kama wengine. Huo ndio uongo wa zamani wa dharau. Kwanza humnyima mtu heshima yake, kisha husema kwamba hakuwa nayo tangu mwanzo.

6. Wachungaji wanasimama

Katika mtaa wa Brooklyn, mji ule ule wa New York, palikuwa na nyumba ya mayatima weusi. Mkuu wake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, James Gordon, Mmarekani mweusi. Wazee wa watu wake walikuwa wametoka katika utumwa miaka 41 tu kabla ya siku zile, maana utumwa wa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865. Gordon aliposikia habari za Ota Benga alikusanya wachungaji wenzake, wakaenda bustanini kuona kwa macho yao. Wakaona kwamba ni kweli.

Wachungaji hao walikasirika, lakini hawakutupa mawe wala kuvunja vyuma. Walimwendea mkuu wa bustani. Walimwambia kwamba mtu huyu ni mwanadamu mwenye roho, na kumweka pamoja na nyani ni kuwatukana watu weusi wote. Hornaday aliwajibu kwamba ni kazi ya elimu. Wakaenda kwa mkuu wa mji, naye hakukubali kuonana nao. Wakaandika katika magazeti, wakatafuta wakili. Mchungaji mmoja Mzungu, Robert MacArthur, ambaye kanisa lake lilikuwa katika mji huo, alisimama upande wao na kusema wazi kwamba jambo hili ni aibu.

Mwanzoni ilionekana kana kwamba hawatafaulu. Hata hivyo, baada ya siku chache Hornaday alimtoa Ota Benga katika tundu la nyani mchana, akamwacha atembee bustanini. Lakini hakupata raha. Jumapili, tarehe 16 Septemba, walikuja watu karibu 40,000. Walimfuata kila mahali, wakamchoma kwa fimbo, wakamtegea miguu aanguke, wakacheka. Ota Benga alijifanyia upinde, akawapiga mishale waliomsumbua. Wengine wakasema kwamba sasa ameonyesha ukali wake wa porini. Lakini mtu gani, akifukuzwa na kuchomwa kutwa nzima, asingeinua mkono wake?

Wachungaji hawakunyamaza. Mwishowe mkuu wa bustani aliona taabu imezidi. Mwisho wa Septemba 1906 alimtoa Ota Benga, naye Gordon akampokea katika nyumba ya mayatima. Jambo lililofanywa kwa siku nyingi mbele ya maelfu ya watu lilikomeshwa na watu wachache waliokataa kucheka.

7. Miaka ya mwisho

Katika nyumba ya Gordon, Ota Benga alipewa chumba na nguo, akaanza kujifunza kusoma na kuandika. Mwezi wa Januari 1910 alihamia mji wa Lynchburg, katika jimbo la Virginia. Huko alihudhuria chuo cha Wabaptisti weusi. Anne Spencer, mwanamke mweusi aliyekuja kuwa mtunga mashairi mashuhuri, alimsaidia katika masomo. Meno yake yalifunikwa ili watu wasimtazame tena, na jina lake likageuzwa kuwa Otto Bingo. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha tumbako.

Lakini alifurahi hasa alipokuwa msituni. Nyuma ya mji palikuwa na miti mingi. Watoto wa majirani walimpenda sana, wakamfuata huko. Aliwafundisha kutengeneza pinde na mikuki, kuvua samaki, kutafuta asali ya mwitu, na kutembea bila kelele ili mnyama asisikie. Aliwasimulia jinsi ndovu wanavyowindwa. Watoto hao hawakumwona mtu wa kutazamwa. Walimwona mwalimu. Walipokuwa wazee bado walimkumbuka kwa upendo.

Moyo wake, hata hivyo, ulibaki Kongo. Alitamani kurudi, akaanza kuulizia nauli ya meli. Mwaka 1914 vita kuu vilianza huko Ulaya, na safari za abiria kuvuka bahari zikawa ngumu na za hatari. Njia ikafungwa. Ota Benga akawa mtu wa huzuni. Watoto walipomwita kwenda kuwinda, mara nyingi alikataa, akakaa peke yake chini ya mti.

Jioni moja ya Machi 1916 aliwasha moto uwanjani, akacheza na kuimba akiuzunguka, kama wafanyavyo watu wake msituni. Watoto walimtazama, wala hawakujua maana yake. Tarehe 20 Machi 1916 huzuni ilimshinda, akajitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi. Rafiki hakukosa, lakini hakuna aliyejua ukubwa wa mzigo aliokuwa akiubeba. Mtu mwenye huzuni nyingi hapaswi kuachwa peke yake. Na anayeona kwamba huzuni inamlemea, amwambie mzazi, mwalimu, padri au rafiki, wambebe pamoja.

Alizikwa Lynchburg, mbali na Kongo. Mahali pa kaburi lake hapajulikani kwa hakika.

8. Baada ya kufa kwake

Mwaka ule ule wa 1916, Madison Grant, mmoja wa wakubwa wa chama kilichokuwa na bustani ya Bronx, alitoa kitabu. Katika kitabu hicho alidai kwamba Wazungu wa kaskazini ya Ulaya ni bora kuliko watu wote. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na Hitler akakipenda. Baadaye, katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Hitler na watu wake waliwaua Wayahudi karibu milioni sita, kwa kuwaona kuwa si watu kama wengine. Ndivyo dharau inavyokua. Inaanza kwa kicheko, inapewa jina la elimu, na mwisho wake ni mauaji.

Wataalamu wa siku hizi wamechunguza miili ya watu wa mataifa yote, hata damu na chembe ndogo kabisa zinazorithiwa na mtoto. Wameona kwamba wanadamu wote ni wa aina moja, na chanzo chao ni Afrika. Ile ngazi ya zamani haipo. Mwaka 2017 liliwekwa bango la kumbukumbu la Ota Benga katika Lynchburg. Mwezi wa Julai 2020, chama kinachotunza bustani ya Bronx kiliomba msamaha mbele ya watu wote kwa yale aliyotendewa. Ilikuwa imepita miaka 114. Msamaha uliochelewa hauwezi kumfufua mtu, lakini ni afadhali ukweli usemwe kuliko kufichwa.

Katika Kongo pia watu wa msitu wamepata mateso mengi. Mwishoni mwa mwaka 2002, vita vilipofika Mambasa, watu wengi, na Wambuti pamoja nao, waliukimbia msitu wao wakaja upande wa Beni, bila chakula wala mahali pa kulala. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria ya nchi ya kulinda na kutetea haki za watu wa asili wa msitu. Sheria hiyo inawapa haki ya shule, ya dawa na ya ardhi yao, na inakataza kuwabagua.

Sheria ni jambo jema, lakini karatasi haikai sokoni wala haiingii darasani. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, watoto wa Beni huona theluji nyeupe juu ya Ruwenzori. Mmbuti aliye Oicha anaona theluji ile ile. Akija sokoni na asali yake, bei ya haki ni ile ile anayolipwa mwingine. Mtoto wake akija shuleni, benchi lake ni kama la wengine. Na wengine wakianza kumcheka, lazima mmoja asimame na kukataa, kama alivyofanya mchungaji Gordon. Aliyeanza kusimama hakuwa peke yake kwa muda mrefu.

Maswali

1. Wambuti wanakaa wapi, nao wanabadilishana nini na majirani zao wakulima?
2. Kwa nini watu wa Kongo waliteswa katika siku za mfalme Leopold wa Pili?
3. Verner alisema alimnunua Ota Benga kwa vitu gani? Je, mtu anaweza kuwa na bei?
4. Watu walisema nini juu ya meno ya Ota Benga? Ukweli ulikuwa nini?
5. Bokane alikuwa nani, naye alitoka msitu gani?
6. James Gordon na wenzake walifanya mambo gani ili kumtoa Ota Benga bustanini?
7. Watoto wa Lynchburg walijifunza nini kwa Ota Benga?
8. Taja jambo moja ambalo watoto wa Beni na Butembo wanaweza kujifunza kwa Wambuti.
9. Ukiona mtoto anachekwa kwa sababu ya kabila lake au kimo chake, utafanya nini?